Fundi Aliyetoa Shati Bila Mfuko

Tunduma wananifahamu. Shuka stendi, mwambie bodaboda yeyote akupeleke kwenye ghorofa la vioo vya bluu linalotazama Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, hatakuuliza ni la nani. Nimeishia darasa la nne, na vijana wenye shahada wanakaa kwenye benchi langu asubuhi wakisubiri niwape kazi. Sioni haya kulisema hilo, maana sikurithi hata kijiko. Watu huniuliza, "Mzee, biashara ulifundishwa na nani?" Wanadhani nitataja Mhindi fulani, au mganga. Mimi namtaja fundi cherehani wa kijijini kwetu Isansa, aliyenipa Krismasi moja shati lisilokuwa na mfuko.

Jina lake silitaji. Mwenyewe hakulipenda, alisema ni jina la ubatizo na lilikuwa linambana shingoni. Wadogo kwa wakubwa tulimwita Fundi, basi. Nyumbani kwake asili ni wapi sikuwahi kujua. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kindali, ukimsikiliza ulijua ametoka upande wa Ileje, lakini ukimuuliza alisema ametokea kwenye robota la kitambaa.

Nilianza kumfikiria upya kwa sababu ya binti yangu wa mwisho. Ilikuwa Desemba, mtoto amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na siku ya kwanza tu mezani alimwambia mama yake kwamba Januari hatarudi kule, na wakimrudisha kwa nguvu atatoroka. Alikuwa na miaka kumi. Sikutaka atoroke. Mimi shule niliiacha kwa kukosa, sasa mwanangu aiache nami nipo? Nikawa natafuta zawadi ya Krismasi ya kumfanya arudi, tena abaki. Si mwanasesere, hao alikuwa nao kabati zima. Nilitaka zawadi ya kumpa mtoto mikono ya kujifanyia mambo. Na kila nilipowaza hivyo, nilimwona Fundi, na futi yake ya kupimia imening'inia shingoni kama nyoka aliyechoka.

Enzi zetu mtoto alipata nguo mpya mara moja kwa mwaka, nayo ni Krismasi. Kahawa ikishalipwa, akina mama walinunua kitambaa, cha jora moja kwa watoto wote, ndiyo maana siku ya sikukuu ukoo mzima ulitembea kama kwaya. Nguo ilishonwa kubwa ili uikulie. Kaptula yangu ya kwanza ya Krismasi niliivaa mpaka ikawa kaptula kweli. Mwanzoni ilikuwa suruali. Na wote tulishonewa na mtu mmoja, kwenye baraza la duka, kwenye cherehani ya kukanyaga iliyolia kama kuku anayetaga.

Sasa kitu cha ajabu ni hiki. Nguo ya mkubwa Fundi aliimaliza. Nguo ya mtoto hakuimaliza hata siku moja. Lazima abakize kitu. Utakuta shati halina vifungo, vifungo vimefungwa kwenye kipande cha kitambaa pamoja na sindano na uzi. Au gauni pindo lake halijakunjwa. Au kaptula imekuja bila vishikizo vya mkanda. Na kile kifurushi alikuwa hampi mama, anampa mtoto mkononi, anamwambia, "Hii ndiyo Krismasi yako. Mama yako asiiguse."

Kila mtoto na chake, na hapo ndipo tulipovunja vichwa. Kwa nini yule apewe vifungo na huyu pindo? Kuna wengine kifurushi chao hakikuwa hata na sindano. Mapacha wa jirani yetu waliokuwa wakipigana tangu alfajiri, mmoja alipewa sindano, mwingine uzi. Hakuna aliyeweza kushona bila mwenzake. Walikaa chini ya upenu wa nyumba yao siku nzima wakitukanana na kushona. Mwenzangu mmoja alipata kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa kaptula, hakumwonyesha mtu. Aliniambia tukiwa watu wazima, tukinywa soda ofisini kwangu, kwamba alikuwa akikojoa kitandani, na tangu siku hiyo alifua shuka lake mwenyewe kabla nyumba haijaamka, na hakuna aliyemcheka tena. Fundi alijuaje? Mama yake mwenyewe aliapa kwamba hakumwambia.

Mimi nilipewa mfuko. Yaani shati zima, vifungo vyote, kola imesimama, lakini kifuani tupu, na pembeni kipande cha mraba cha kitambaa kilekile, sindano na uzi.

"Fundi, umesahau mfuko," nikamwambia.

"Sijasahau. Mfuko ni wako. Ushone unapotaka."

Nilikwenda nao nyumbani nimenuna. Nilikuwa na kaka mkubwa ambaye kila nilichopata, karanga au gololi, alikuwa ananitunzia, na akishakitunza hakionekani tena. Nikakaa nyuma ya jiko, nikajidunga vidole vyote, nikaushona mfuko kwa ndani, upande wa tumbo, mahali ambapo kaka hawezi kuuona. Siku ya Krismasi Fundi alisimama mlangoni mwa kanisa kama kawaida yake, akitukagua tunavyotoka. Hakuwa anasifu. Kifungo kikiwa kimekaa upande alikishika akasema, "Hiki kimelewa," akakuacha. Aliponifikia mimi alinipapasa kifuani.

"Mfuko uko wapi, we?"

Nikafungua shati kidogo, nikamwonyesha, na karanga zangu ndani. Alicheka mpaka akakohoa, mzee wa kanisa akatoka kuangalia. Sasa niulize tena nani alinifundisha biashara.

Alijuaje? Nimelifikiria hilo miaka mingi, na jibu nadhani ni kwenye kupima. Mafundi wengine wanakupima dakika moja. Yeye alianza kwa kumfukuza mama. "Mama, nenda dukani ndani, nasikia kuna chumvi mpya." Mama akiondoka, anakupima mkono. Halafu anakupima mkono uleule tena. Tulidhani anasahau. Kumbe mkono ulikuwa kisingizio tu. Huku futi ikipanda na kushuka anakuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Maji kwenu anachota nani?"

"Dada."

"Dada akiumwa?"

"Sijui."

"Kitu gani ukiambiwa ukifanye unajificha?"

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa swali lake hasa. Na mtoto aliyesimama kwenye kigoda na mikono imenyooshwa hawezi kudanganya, jaribu uone. Ukishamjibu, limepita. Anakwambia, "Simama kama mtu, usisimame kama nguo iliyoanikwa," anaandika kipimo ukutani kwa chaki, basi.

Akina mama walimchukia kila Desemba na kumrudia kila Desemba. Nakumbuka ugomvi mmoja nikisubiri zamu yangu. Mama mmoja, mfanyabiashara wa mnadani, mwanamke wa sauti, alikuja ameshika gauni la mwanawe kwa mkono mmoja na kiberiti kwa mkono mwingine.

"Fundi, wewe una akili sawasawa? Mtoto mdogo hivi unampa kiberiti?"

"Ukienda mnadani kwako anawasha moto nani?"

"Jirani."

"Jirani naye akienda mnadani?"

"Hilo linakuhusu nini? Wewe shona!"

"Nimeshona."

"Na hili pindo?"

"Pindo ni la mtoto."

"La mtoto! Na kitambaa nilichonunua, nacho ni cha mtoto? Nyumba yangu ikiungua utakuja kunishonea nyingine?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alimwambia, "Mlete asubuhi." Kwa wiki ile yote yule mtoto alikuwa ndiye anayewasha pasi ya mkaa ya Fundi kila asubuhi, Fundi amekaa pembeni na ndoo ya maji katikati ya miguu yake, anamwangalia tu. Akivunja njiti anamwambia, "Nyingine." Leo yule mtoto, naye ni mama sasa, ndiye anapika kwenye harusi zote kubwa za Vwawa. Nimemkodi mara mbili. Anasimamia masufuria kama jenerali.

Lakini nisikudanganye kwamba wote walikuja kuwa watu wa maana. Mwingine alipewa mbegu za kabichi, akawamwagia kuku. Bado yuko kijijini, anaomba bia.

Msidhani pia kwamba Fundi alikuwa malaika. Angalia kwanza shati lake mwenyewe: lilifungwa na pini mbili, kifungo hakuna. Kupika hakujua kabisa, alikula kwa majirani kwa zamu, na akija kwako alilalamikia chumvi. Alipenda peremende kuliko watoto. Ukipita na peremende alikuomba, ukimnyima alikupima shingo kwa kukukaba. Fundi mwingine alipohamia Isansa, alimsema vibaya mpaka yule akahama, eti anashona magunia. Na kanafunzi kamoja hakuwahi kuwa nako. Wazazi walimletea vijana awafundishe kazi, aliwakataa wote. "Nikiwafundisha wote kushona, nitamshonea nani?" Mtu aliyetupa sote sindano hakutaka hata mmoja wetu aguse cherehani yake. Ukiweka kidole kwenye gurudumu alikupiga na rula.

Na jambo lingine. Akina mama walikuwa wanasema Fundi anabakiza vitambaa. Ukimpa kitambaa cha mashati matatu, mabaki huyaoni. Nilikuja kulipiga hesabu baadaye sana. Ule mraba wa mfuko wangu ulikuwa wa kitambaa kilekile cha shati, kwa hiyo zawadi aliyonipa mimi alikuwa amemwibia mama yangu. Mama naye alilijua hilo. Alikwenda pale barazani akagomba mpaka duka likajaa watu, na Fundi akaendelea kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asimsikie.

Wako watu waliokuwa na maelezo mepesi zaidi ya haya yote. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alisema, "Mnamfanya nabii bure. Fundi anachelewa. Desemba inamkuta ana rundo la nguo, hawezi kumaliza, anawatupia watoto sindano na kujifanya mwalimu." Hilo liliniuma. Mimi nilikuwa nimeanza kujivunia mfuko wangu, na kumbe labda ni mfuko wa mtu aliyeishiwa muda? Nilipeleleza. Nilikuwa mdadisi sana, hata sasa, ndiyo maana wababaishaji wa mpakani hawaniwezi.

Ushahidi nilioupata ulikuwa wa miaka ya tisini, mitumba ilipoingia. Marobota yalifunguliwa mnadani, nguo zimetoka Ulaya zimekamilika, na kwa bei ya kitambaa mama alipata nguo tatu. Baraza la Fundi likapoa. Kazi aliyobaki nayo ilikuwa ya kupunguza makoti ya wazungu yawafae watoto. Muda alikuwa nao tele, anasinzia mchana. Siku moja nikampeleka mdogo wangu na shati la mtumba, linahitaji kupunguzwa mikono tu. Fundi aliligeuza, akalitazama ndani na nje, akasema, "Aliyeshona hili hakumjua mtoto hata mmoja." Akachukua wembe, akakata vifungo vyote, kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa na sindano, akampa mdogo wangu.

Basi nikamwambia baba mdogo, unaona? Hakuchelewa huyo. Baba mdogo akasema, "Amezoea." Hatujaelewana mpaka leo.

Mimi niliondoka Isansa kijana, nikaja mpakani kubeba mizigo mgongoni, mengine mnayajua: kutoka mgongo hadi baiskeli, kutoka baiskeli hadi lori, kutoka lori hadi malori. Nilijifunza Kibemba cha kuuzia mahindi na Kiingereza cha kugombana na madereva. Nikajenga, nikaoa, nikazaa. Na mtoto wa mwisho alipozaliwa wa kike nikampa jina la mama yangu, ambaye alikuwa ametangulia mwaka uleule.

Kwetu mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako. Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Jina la mzazi hulitamki hovyo. Nilimwita Mama. Asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, Mama," naye kutoka kwenye kiti chake kirefu anaitikia, "Marahaba, mwanangu," nyumba nzima inacheka. Mke wangu alimwita mkwe. Dada wa kazi aliposikia hivyo, unategemea afanye nini? Atamtuma mama mzazi wa bosi akalete ufagio? Akamfunga kamba za viatu mpaka darasa la nne. Mimi kila nilipotoka Nakonde nilimletea kitu. Baiskeli. Mwanasesere anayeongea. Kitanda chenye shela kama cha bibi harusi.

Siku ya kufunga shule nilikwenda kumchukua na gari langu kubwa. Matroni akaniita pembeni.

"Baba, samahani. Mwanao hajui kufua."

"Hata soksi?"

"Hata soksi. Alikuwa anawafuata wenzake wamfulie, anawalipa biskuti."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. "Huyo ni wangu huyo! Ameajiri!"

Matroni hakucheka. "Biskuti ziliisha mwezi wa pili wa muhula, baba. Baada ya hapo alikuwa anavaa nguo chafu, na anakaa peke yake."

Ndipo ikaja ile siku ya mezani niliyoisema.

Mke wangu alipoona natayarisha safari ya Isansa alisimama mlangoni mkono kiunoni.

"Unakwenda kumtafutia fundi? Mtoto ana makabati mawili ya nguo."

"Namtafutia zawadi."

"Isansa? Si ungevuka hapo ng'ambo?"

"Ng'ambo nimeshavuka sana."

Tukaondoka mimi na binti yangu. Tuliacha lami, tukaingia matope mekundu, yeye amekaa nyuma na simu ya mama yake anacheza mchezo wa kulipua peremende. Sikuwa na hakika kama Fundi yuko hai. Alikuwapo. Baraza ni lilelile. Cherehani imefunikwa na kanga, na juu ya kanga zimepangwa simu za watu, kama ishirini hivi, zote zinachajiwa kwa umeme wa jua uliotoka kwenye kioo kilichofungwa paani. Kila simu imefungwa uzi wa rangi yake ili asichanganye wenyewe. Fundi mwenyewe amekonda, jicho moja limeingia ukungu, shati lina pini.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeleta simu?"

"Sijaleta simu. Mimi ni mtoto wa hapahapa." Nikajitaja, nikataja baba, nikataja shamba letu, nikamweleza habari ya mfuko wa ndani. Nilikuwa naungoja uso wake ufunguke. Haukufunguka.

"Sikukumbuki," alisema. "Watoto wote mlikuwa na mabega yaleyale."

Nikwambie ukweli, iliniuma. Watu wa mikoa mitatu wananikumbuka, huyu hapana. Nikavuta kigoda, nikaamua angalau nitoke na jibu la baba mdogo. Nikamuuliza, zile nguo ulikuwa huzimalizi kwa nini? Ulikuwa unatufundisha, au ulikuwa unachelewa?

Aligeuza simu moja mkononi.

"Mwaka wa kwanza nilichelewa," akasema. "Nilipatwa na homa, nikaamka Krismasi imefika, mashati hayana vifungo. Akina mama wa hapa unawajua. Nikawapa watoto sindano ili wakati mama zao wanakuja kunipiga, wakute watoto wameshaanza. Nikaenda kanisani kujificha. Sasa mbele yangu akakaa mtoto mmoja, ameshika kifungo chake, ibada nzima. Nikadhani kimelegea. Hakikuwa kimelegea. Alikuwa amekishika tu." Akaweka simu chini. "Mwaka wa pili sikuchelewa."

Kwa hiyo baba mdogo na mimi tulikuwa sote sawa. Sijaamua kama nitamwambia.

Nikamwita binti yangu, nikamwambia Fundi shida yetu: bweni, soksi, biskuti, kutoroka. Nikasema mshonee chochote, bakiza unachotaka, nitalipa. Akamtazama kwa lile jicho zima. Akavuta futi kutoka mfukoni, imechakaa namba hazionekani.

"Panda hapa," akamwambia. Halafu akanigeukia. "Tajiri, hebu nenda ukaangalie gari lako lisije likazama."

"Gari linavuta kwa magurudumu yote manne, haliwezi…"

"Nenda."

Nikaenda. Mimi, na suti, nikasimama kwenye matope kama akina mama wa zamani walivyotumwa chumvi. Wanawake wawili waliofuata simu zao walinitazama, mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu naye amefukuzwa." Niliona mkono wa mwanangu umenyooshwa na futi ikipanda, ikishuka, ikipanda tena. Nilisikia sauti ya Fundi lakini sikusikia maneno. Kisha nikamsikia mtoto. Anaongea. Mtoto ambaye kwa siku nyingi hakuwa amesema neno lenye urefu, anaongea bila kusimama. Nilitamani kusogea nikasikilize. Wale wanawake walinitazama, nikabaki.

Aliponiita binti alikuwa ameshuka kwenye kigoda, anachezea nyuzi za simu.

"Gauni litakuwa tayari lini?" nikauliza.

"Gauni la nini? Ana gauni."

"Sasa zawadi?"

"Nimemuuliza kinachomtia aibu kule. Siyo nguo chafu."

"Ni nini?"

"Anasema jioni wenzake wakikaa bwenini kila mmoja anasimulia kwao. Na wote wanasimulia walivyotumwa. Mmoja alitumwa mafuta ya taa akayamwaga. Mwingine alitumwa sokoni akapoteza chenji, akaogopa kurudi, akalala kwa bibi. Wanacheka mpaka matroni anakuja. Yeye zamu yake ikifika hana cha kusimulia. Hajawahi kutumwa mahali." Akakunja futi polepole. "Anataka umtume."

"Nimtume mama yangu?"

"Huyu siyo mama yako. Mama yako namkumbuka. Alisimama hapo ulipo akanitukana kwa kitambaa mpaka nikakosea mshono. Yule alikuwa anatuma watu. Huyu hata sauti ya kugomba bado hana. Acha kumwita Mama, mwite jina lake."

"Fundi, jina la mama yangu sijawahi kulitamka tangu nizaliwe."

"Basi Krismasi yake ndiyo hiyo."

"Na kufua?"

"Akitumwa atachafuka. Akichafuka mtampa sabuni."

Nikatoa mkono kumuaga. Akauangalia ule mkono, akaniuliza kama tajiri mzima nimetoka Tunduma mpaka Isansa bila hata peremende moja. Binti yangu akacheka. Alikuwa nazo begini, akampa pakiti yote, na Fundi akaificha haraka nyuma ya cherehani kabla wale wanawake hawajaingia.

Niseme mapema ili usikae na wasiwasi: Januari binti alirudi bweni, na hakutoroka. Amemaliza pale. Lakini hilo lilikuja baadaye, na mimi kilichonikaa zaidi ni safari ya kurudi siku ile.

Tulikwenda mpaka tukapata lami. Midomo yangu ilikuwa inajaribu. Mimi nimewahi kusimama mbele ya mkuu wa wilaya nikaongea bila kutetemeka, lakini jina la herufi chache lilikuwa halitoki. Pale Vwawa kando ya barabara kulikuwa na mama mmoja amepanga maparachichi kwenye gunia. Nikasimamisha gari upande wa pili. Nikashika usukani kwa mikono yote miwili, nikatamka jina la mama yangu.

Mtoto hakuitika. Hakujua ni yeye anayeitwa. Nikalitamka tena.

"Abee, baba?"

"Nenda kaninunulie maparachichi."

"Mimi?"

"Wewe." Nikampa noti. "Angalia magari kwanza."

Alishuka. Alisimama ukingoni muda mrefu sana, malori yanapita, mkono wangu uko kwenye kitasa. Akavuka. Akarudi amebeba maparachichi kwenye gauni, uso unang'aa, akanimwagia mapajani. Nikabonyeza moja. Jiwe. Nikabonyeza jingine, jiwe. Yote. Yule mama alikuwa amemwuzia mabichi, mtoto wa mjini asiyejua kuminya.

Mkono ulirudi kwenye kitasa, kila kitu ndani yangu kilisema nishuke, nimwonyeshe yule mwanamke mimi ni nani. Nilimtazama binti yangu aliyesimama dirishani.

"Haya hayajaiva," nikamwambia, nikamwita jina lake. "Rudi akubadilishie."

Nilidhani atalia. Alikusanya maparachichi yake, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka. Sikusikia alichosema pale. Nilimwona yule mama anatikisa kichwa anakataa, na nikamwona mwanangu hajaondoka. Amechuchumaa mbele ya gunia, anabonyeza moja moja, na sauti ya yule mama ikavuka barabara nzima mpaka ndani ya gari langu:

"We mtoto, mkaidi kama nani? Usiniminyie maparachichi yangu!"

Nikatoa mkono kwenye kitasa, nikazima gari, nikasubiri.